Kifaru cha Kiganjani: Kweli au Uongo?

Kifaru cha vita kilizaliwa kikiwa na jina la uongo. Mwaka 1915, katika karakana ya William Foster mjini Lincoln, Uingereza, mafundi walikuwa wakiunda masanduku makubwa ya chuma yanayotembea kwa minyororo. Ili siri isivuje, ikasemwa kwamba ni vyombo vya kubebea maji jangwani. Wakaviita matangi. Septemba 15, 1916 matangi hayo yakatokea kwenye uwanja wa vita wa Flers-Courcelette, Ufaransa, yakiwa hayana hata kikombe cha maji cha kugawa, na jina la kuzugia likabaki hivyo hivyo hadi leo. Kiswahili hakikuona haja ya kuficha. Ngozi nene, pembe mbele, macho hafifu, ukikutana naye njiani unapisha: kifaru. Tofauti imebaki kwenye sarufi tu. Yule wa Ngorongoro anakuja. Hiki cha chuma kinakuja.

Leo kuna watu wazima Uingereza, Marekani, Japani na kwingineko wanaokesha chini ya taa, kibano mkononi, wakiunganisha vifaru vinavyoenea kiganjani. Havitengenezwi vikae kabatini. Vinapelekwa kwenye meza yenye vilima vya stairofomu na nyumba za kadibodi, vikapigane kwa dadu na tepu ya kupimia, kila mchezaji na jeshi aliloliunda na kulipaka rangi mwenyewe.

Kifaru cha aina hii kina mahakimu watatu. Rula inauliza: vipimo ni sawasawa? Jicho linauliza: kinafanana? Mkono unauliza: nikikibeba kitavunjika? Kifaru cha makumbusho humsikiliza zaidi hakimu wa kwanza, na kichezeo cha mtoto humsikiliza wa tatu. Kifaru cha mezani hakina budi kuwaridhisha wote, nao hawapatani. Uzushi mwingi unaozunguka kazi hii umetokana na mtu kumsikiliza hakimu mmoja akawasahau wenzake. Tuupitie, dai kwa dai.

1. "Hii ni michezo ya watoto."

NUSU KWELI. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia, Georg von Reisswitz, aliwaonyesha majenerali wake mchezo wa vita unaochezwa juu ya ramani kwa vipande vidogo na dadu, na jeshi likauchukua kuwa somo la maofisa. Mchezo wa vinyago, kwa upande mwingine, kweli ulitoka sakafuni kwa watoto. Mwandishi H. G. Wells ndiye aliyeuandikia kanuni katika kitabu chake *Little Wars* cha mwaka 1913, akitumia askari wa bati na mizinga ya springi inayorusha vijiti. Ajabu ni kwamba kitabu hicho hakina vifaru, ilhali Wells huyo huyo alikwisha kutunga mwaka 1903 hadithi ya mashine za chuma zinazovuka mahandaki. Alikiona kifaru kabla hakijakuwepo, kisha alipoketi kuandika mchezo akakiacha nje.

2. "Skeli ya 1/35 ilikokotolewa na wahandisi."

UONGO, na uongo wenyewe ni mtamu. Skeli ni uwiano: kifaru cha 1/35 ni kidogo mara thelathini na tano kuliko cha kweli. Namba hiyo ndiyo iliyotawala modeli za vifaru duniani, hivyo mtu hudhani ilitoka kwenye meza ya mchoraji ramani. Haikutoka huko. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilitengeneza modeli ya kifaru cha Kijerumani cha Panther inayotembea kwa mota. Bodi ikabidi iwe na upana wa kutosha kumeza betri. Ilipouzwa vizuri na kampuni ikataka kuendelea na vifaru vingine, ndipo walipopima wakakuta ile Panther inakaribia 1/35. Betri ziliamua, hesabu ikafuata.

Skeli nyingine nazo zina historia zake. Tuchukue Tiger, kifaru kizito cha Wajerumani chenye urefu wa mita 8.45 mtutu ukiangalia mbele. Katika 1/35 kinakuwa na sentimita 24, kama rula ya shule iliyokatwa ncha. Katika 1/56, skeli ya wachezaji wa Bolt Action, kinakuwa na sentimita 15. Katika 1/72 kinashuka hadi karibu 12, na katika 1/100, skeli ya Flames of War kutoka New Zealand, kinabaki na sentimita nane na nusu. Wapo wanaocheza kwa 1/285, ambako Tiger nzima ni sentimita tatu na kikosi kizima kinaingia kwenye kibweta cha miwani.

3. "Skeli ikiwa sahihi, meza nzima ni sahihi."

UONGO, na hapa ndipo rula inapoumbuka. Meza ya kawaida ya mchezo huu ina urefu wa futi sita, yaani kama mita 1.8. Kwa skeli ya 1/56, meza hiyo kutoka ukingo hadi ukingo ni mita mia moja tu za kweli. Ni uwanja wa mpira, goli hadi goli. Mzinga wa milimita 88 wa Tiger uliweza kuharibu kifaru cha adui kilicho umbali wa kilomita moja na kuzidi. Ukitaka kilomita hiyo kwa 1/56, unahitaji karibu mita 18: utoke sebuleni, uvuke ua, ukaweke adui yako kwa jirani.

Kwa hiyo waandishi wa kanuni hutumia skeli mbili kwa pamoja bila kuona haya: moja ya kifaru, nyingine ya ardhi. Mzinga unafika mwisho wa meza au pungufu kidogo, na sote tunakubali kutouliza. Kabla hujamgombeza mwenzako kwa sababu vishikizo vya kifaru chake vimezidi nusu milimita, kumbuka kwamba mlima ulio mbele yake ni mfupi kuliko nyumba ya ghorofa.

4. "Askari wa milimita 28 ni wa skeli ya 1/56, basi."

NUSU KWELI. Hesabu yenyewe si mbaya. Kwa desturi milimita hizo hupimwa kutoka unyayoni hadi machoni. Mtu ambaye macho yake yako mita 1.6 kutoka ardhini, ukimgawa kwa 56, anapata milimita 28 na ushei. Tatizo ni kwamba wachongaji huwapa askari vichwa vikubwa, mikono minene na bunduki nene ili vionekane na visivunjike. Kisha askari anabandikwa juu ya kitako cha plastiki, akapanda milimita mbili tatu. Kifaru hakina kitako. Askari akisimama karibu nacho anaonekana jitu, naye mchezaji anaanza kulalamika kwamba kifaru ni kidogo. Ndiyo maana wengine huchagua vifaru vya 1/48. Rula inasema 1/56, jicho linasema 1/48, na hakuna anayedanganya.

5. "Gundi ni gundi."

UONGO uliokwisha kuharibu modeli nyingi. Vifaru vingi vya viwandani ni vya plastiki ya polistirini. Gundi yake haifanyi kazi kama ulimbo. Huyeyusha kingo mbili zinazokutana, zikachanganyika, kisha kiyeyushi kikipaa unabaki na kipande kimoja. Ndiyo maana kiungo kilichokauka vizuri hakifumuki: hakuna tena mshono wa kufumua.

Lakini vifaru vingine ni vya rezini au vya chuma laini, na gundi ile haiviyeyushi hata kidogo. Utaipaka, utasubiri, na asubuhi kichwa cha kifaru kitakuwa kimelala chini. Hapo ni supaglu, au gundi ya kuchanganya mirija miwili. Supaglu nayo ina kasoro yake: inashika sana ukiivuta, lakini ikigongwa ubavuni inakatika kama kioo. Mafundi makini hutoboa tundu pande zote mbili, wakaingiza waya mfupi, ndipo wakagundisha.

Rezini ina masharti mengine mawili. Hutoka kwenye kalibu ikiwa na mafuta, hivyo ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kabla ya rangi, la sivyo rangi itabanduka kama ngozi ya nyoka. Na vumbi lake ni baya kwa mapafu: vaa barakoa, piga kwa msasa uliolowa maji. Mtutu ukija umepinda, uchovye kwenye maji ya moto, unyooshe kwa vidole, kisha uzamishe kwenye maji baridi. Utatii.

6. "Undani mwingi ndio ufundi."

UONGO, angalau mezani. Katika 1/100, tundu la mzinga wa milimita 75 halifiki hata milimita moja. Mtutu ukitengenezwa kwa uaminifu wa rula utakuwa mwembamba kama sindano, na mchezaji wa kwanza atakayekibeba kifaru ataupinda. Viwanda huunenepesha makusudi. Vishikizo, ribiti na bawaba navyo huvimbishwa kidogo, kwa sababu vikiwa vya kipimo halisi, tabaka moja la rangi linavimeza.

Hata mwanga unahitaji kusaidiwa. Kifaru cha tani 30 kinatupa vivuli vyake chenyewe chini ya mizinga na ndani ya mifereji. Kifaru cha sentimita 10 hakiwezi. Kwa hiyo mpakaji huchora vivuli. Kwanza hupitisha rangi nyeusi au ya udongo iliyozimuliwa iwe kama maji ya chai, ikakimbilia kwenye mifereji. Kisha huchukua brashi iliyokaushwa karibu kabisa na rangi nyepesi, akaipitisha juu juu ili ishike kwenye kingo tu. Rangi ya msingi yenyewe huipausha kidogo, kwa maana kitu kilicho mbali huonekana kimepauka, na kifaru kidogo ni kifaru cha mbali. Ukikitazama kwa lenzi, ni uongo mtupu. Ukikitazama kutoka urefu wa mkono, ambako ndiko mchezo unakochezwa, kinakuwa kifaru.

7. "Kifaru kisicho na kutu hakijapigana."

UONGO unaopendwa mno. Wapo wanaokipaka kifaru rangi ya kutu hadi kikafanana na bati la banda lililoachwa miaka ishirini. Vifaru vya Vita vya Pili vya Dunia vilitoka kiwandani vimepakwa rangi, na vingi havikuishi muda wa kutosha kuoza. Kifaru kilichopelekwa mstari wa mbele kilihesabu miezi, pengine wiki. Kutu ya kweli hukaa mahali pake: kwenye ekzosi, ambako joto huunguza rangi, na kwenye minyororo ya chuma.

Minyororo nayo ina siri yake. Sehemu zinazosuguana na magurudumu au na barabara hung'aa kama jembe linalotumika kila siku. Kutu hubaki kwenye mashimo. Na usiipake ya kifaru cha Sherman rangi ya chuma bila kuangalia: Sherman nyingi za Marekani zilitembea kwa vipande vya mpira, na chuma kilionekana kwenye viungo vya pembeni tu.

Kilichokipata kifaru zaidi ya kutu ni uchafu. Vumbi, tope, mafuta yaliyomwagika karibu na kifuniko cha tangi, michubuko pale buti za askari zinapopanda kila siku. Tope lina kwao. Anayejua tofauti ya vumbi la Dodoma na matope ya bonde la Msimbazi hahitaji kuelezwa kwamba udongo mweusi wa Ukraine haufanani na vumbi la Tunisia. Chagua vita kwanza, ndipo uchague tope.

8. "Vifaru vya Wajerumani vilikuwa vya kijivu."

NUSU KWELI, kutegemea mwaka. Walipovamia Ufaransa mwaka 1940 na Urusi mwaka 1941, kijivu cheusi kilitawala. Afrika Kaskazini walipaka rangi za jangwa. Februari 1943 amri ikabadilika: rangi ya msingi iwe manjano iliyofifia, na vikosi vikapewa rangi nzito ya kijani na ya hudhurungi ya kujichorea mabaka. Askari walizimua rangi hiyo kwa petroli au kwa maji, kwa chochote kilichokuwepo, wakapaka kwa mashine ya kupulizia, kwa brashi, pengine hata kwa ufagio. Ndiyo maana vifaru viwili vya kikosi kimoja havifanani, na mchoro wako wa mabaka ukiwa na kasoro si kosa.

Uzushi huu umelishwa na picha za zamani zisizo na rangi, ambako kila kitu ni cha kijivu. Dawa yake ni swali moja kabla ya kufungua kopo: mwaka gani, wapi? Chukua Tiger namba 131, iliyotekwa na Waingereza Tunisia mwezi Aprili 1943 na inayotunzwa katika makumbusho ya vifaru ya Bovington, Uingereza, ikiwa bado inatembea. Mtu akiijenga hiyo kisha akaipaka mchirizo wa Zimmerit, ile plasta ya mikunjo ya kuzuia mabomu ya sumaku, amekosea kalenda. Zimmerit ilianza kutumika baadaye mwaka huo huo, ikaachwa Septemba 1944.

9. "Sherman iliwaka haraka kwa sababu ya petroli."

UONGO, na uongo huu una sura ya ukweli. Sherman za mwanzo ziliwaka kweli, tena vibaya. Lakini Tiger na Panther nazo zilitumia petroli, na hakuna anayezisema. Mkosaji mkubwa alikuwa makombora ya mzinga yaliyopangwa kwenye mbavu za bodi, juu ya minyororo, mahali panapopigwa kwanza. Kombora la adui likipenya, baruti ilishika moto. Wamarekani wakayahamishia makombora sakafuni na kuyazungushia maji. Uchunguzi wa jeshi lao ukakuta kwamba katika Sherman zenye mpango wa zamani, asilimia 60 hadi 80 ya zilizopenywa ziliungua. Katika zile za mpango mpya, asilimia 10 hadi 15.

Kwa mtengenezaji wa modeli hili si jambo la vitabuni tu. Linaonekana nje. Sherman nyingi za mpango wa zamani zilichomelewa vipande vya deraya ya ziada ubavuni, mbele ya makombora hayo: viwili upande wa kulia, kimoja kushoto. Sherman za mpango mpya hazina viraka hivyo, na mbele bodi yake imesimama wima zaidi, ikiwa na milango mikubwa ya dereva na mwenzake. Ukivibandika viraka vile kwenye bodi mpya, umetibu mgonjwa aliyekwisha kupona. Hivi ndivyo undani unavyostahili kuchaguliwa: si kwa wingi, bali kwa sababu una kisa.

10. "Mizigo juu ya kifaru ni mapambo ya wachezaji."

UONGO. Askari watano waliishi ndani na kando ya Sherman kwa wiki kadhaa. Walilala wapi, walipika na nini? Blanketi zilizokunjwa, maturubai, madumu, masanduku ya chakula, ndoo, vyote vilifungwa nje kwa kamba. Wengine waliongeza viroba vya mchanga, magogo na vipande vya minyororo ya akiba mbele ya bodi, wakitumaini vitapunguza makali ya kombora. Jenerali Patton wa Marekani hakuvipenda viroba. Aliona vinaelemea injini bila kuokoa mtu. Askari waliokuwa wakikaa ndani waliona vingine.

Kisa kizuri kuliko vyote ni cha Normandy, Ufaransa, Julai 1944. Mashamba ya huko yamezungushiwa matuta ya udongo yaliyofungamana na mizizi ya karne nyingi. Kifaru kikipanda tuta kinainua tumbo lake jembamba, na adui anangoja hapo hapo. Sajenti mmoja wa Marekani, Curtis Culin, akashughulikia wazo la kuchomelea meno ya chuma mbele ya kifaru ili kipasue tuta badala ya kulipanda. Chuma kilitoka kwenye vizuizi ambavyo Wajerumani wenyewe walivisimika ufukweni. Vifaru vyenye meno hayo Wamarekani waliviita kwa jina la mnyama: faru. Yaani nao, kwa njia ndefu, waliishia kukiita kifaru kifaru.

Meno hayo ni vipande vichache tu vya plastiki. Ukiyatengeneza, kila atakayeketi mezani atauliza ni nini, na wewe utakuwa na la kusimulia.

11. "Jeshi la Kijerumani bila Tiger halijakamilika."

UONGO wa mezani, kwa sababu kila mtu anapenda kuwa na mbabe. Tiger zilizotengenezwa vita nzima ni takriban 1,350. Sherman zilizidi 49,000. Kifaru cha kawaida cha Mjerumani kilikuwa Panzer IV, ambacho kilitengenezwa zaidi ya 8,000. Kilipofungiwa mabati ya kukinga mbavu na kichwa, kilionekana kipana na cha pembe pembe, na askari wa upande wa pili waliokiona kwenye vumbi, moyo ukiwaenda mbio, waliripoti Tiger. Hofu ilizidisha hesabu, na modeli zetu zimeirithi hofu ile.

12. "Bila vifaa vya bei kubwa, usianze."

UONGO. Bomba la kupulizia rangi ni zuri, lakini brashi mbili nzuri zimejenga majeshi mengi. Na sehemu kubwa ya undani inatoka jikoni. Chukua fremu ya plastiki inayobaki baada ya kukata vipande, ipashe juu ya mshumaa bila kuigusisha moto, ikilainika vuta pande zote mbili: umepata uzi mwembamba wa antena. Tishu iliyochovywa kwenye gundi nyeupe iliyozimuliwa, ikikunjwa na kukauka, ni turubai. Kijiti cha meno ni gogo. Kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, kikichovywa rangi na kugusishwa kidogo kwenye kingo, kinatoa michubuko ambayo brashi haiwezi. Majani ya chai yaliyotumika na kuanikwa ni majani makavu chini ya mti.

Aliyewahi kukunja gari la waya na kulikatia magurudumu ya ndala iliyochakaa anayajua haya yote. Alichokosa ni kufundishwa kukiita alichofanya jina la fani.

13. "Historia hii haituhusu."

UONGO. Tiger 131 ilitekwa kwenye ardhi ya Afrika. Na katika Vita vya Kagera vya 1978–79, jeshi la Uganda la Idi Amin lilikuwa na Sherman zilizotoka Israel, aina ile ile ya Normandy, zikiwa zimezeeka. Kwa upande wa Tanzania, JWTZ lilikuwa na vifaru vya Type 59 vya China, ambavyo ni toleo la Kichina la T-54 ya Kisovieti. Walibya waliokuja kumsaidia Amin walileta T-55 hadi Lukaya, Machi 1979. Anayetaka kuijenga Type 59 anaweza kuanza na modeli ya T-54 na kurekebisha kidogo.

Ila hapa mkono unapaswa kuwa mwepesi. Normandy ni mbali. Kagera ina wazee wanaokumbuka. Kabla hujaitandika vita hiyo kwenye meza ya sebule, uliza ni nani ameketi sebuleni.

14. "Rangi ikikauka, kazi imekwisha."

UONGO. Kwanza kuna vanishi isiyong'aa, bila hiyo vidole vitaila rangi kwa mechi mbili. Kuna sumaku ndogo ya kushika kichwa ili kizunguke na kung'oka bila kuvunjika. Kisha kuna mchezo wenyewe, na huo haufuati mpango wa fundi. Baada ya mwaka mmoja rangi itakuwa imechubuka kwenye ncha ya mtutu, kwenye kona za kichwa na kwenye kingo za nyuma. Fundi mpya hukimbilia brashi akaziba.

Iangalie kwanza michubuko hiyo ilipo. Si pale buti za askari zingechubua, wala pale tuta la Normandy lingekwaruza. Ni pale vidole vya wachezaji vinaposhikia. Michubuko mingine yote ya kifaru hicho uliichora wewe kwa sponji na uvumilivu. Hii peke yake hakuna aliyeichora.